Osteopathia: je, mikono inaweza kumtibu mtoto anayelia na mgongo wa mama?

Huenda umeiona video kwenye simu: mtu amekishika kichwa cha kichanga kwa vidole vichache, mtoto anatulia, na maandishi yanasema msokoto wa tumbo umekwisha. Au ndugu aliyeko Ulaya amekuandikia kwamba huko akina mama wengi hupeleka watoto wao kwa mtaalamu wa osteopathia wiki chache baada ya kujifungua. Swali linalofuata ni la kawaida kabisa: na mimi nimtafutie mwanangu huduma hiyo? Na mgongo wangu huu unaouma tangu nijifungue, je?

Hauko peke yako. Swali hilohilo limefika mezani kwa wizara za afya, mabaraza ya wataalamu na watafiti wa Ufaransa, Uingereza na Australia. Makala hii inakueleza osteopathia ni nini, inafundisha nini, tafiti zimeonyesha nini, na mambo ya kuangalia kabla hujamruhusu mtu aukunje mgongo wako au ashike kichwa cha mtoto wako.

Jibu fupi ni hili. Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya kawaida ya mgongo, tiba ya mikono inaweza kumpa nafuu kidogo. Kwa kichanga anayelia sana, majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu hayajaonyesha kwamba inamsaidia kuliko kushikwa tu kwa upole. Na kwa mama na mtoto wote wawili, hatari kubwa ni kupoteza siku kwenye tiba ya mikono wakati ugonjwa wenyewe ulihitaji hospitali.

Ilianzia wapi?

Osteopathia ilianzishwa Marekani na tabibu aitwaye Andrew Taylor Still, aliyezaliwa mwaka 1828. Mwaka 1864 watoto wake watatu walifariki kwa homa ya uti wa mgongo. Dawa za wakati ule zilikuwa kama zebaki, afyuni na kumtoa mgonjwa damu, na mara nyingi zilidhuru kuliko kuponya. Still alikata tamaa nazo. Alianza kuamini kwamba chanzo cha magonjwa mengi ni mifupa, viungo na misuli isiyokaa sawa, na kwamba ukiirekebisha kwa mikono, damu hutembea vizuri na mwili hujiponya. Aliitangaza njia yake mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua chuo katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri. Wanawake walikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza.

Ni vizuri kuelewa hali ya baba huyo. Alikuwa amefiwa, na tiba ya zama zake haikuwa na cha kumpa. Leo homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria hutibiwa kwa antibayotiki zikianzishwa mapema, na chanjo za Penta na PCV anazopata mtoto wako kliniki humkinga dhidi ya baadhi ya bakteria hao. Ugonjwa uliomfanya Still atafute njia nyingine umepata majibu yake kwenye sindano na dawa. Tiba ya mikono haikuupatia jibu.

Kanuni zake nne

Popote inapofundishwa, osteopathia husimama juu ya mawazo manne. Kwanza, mwili ni kitu kimoja: nyonga, mgongo, usingizi, mawazo na maumivu vinahusiana. Pili, mwili una uwezo wa kujirekebisha na kujiponya. Tatu, umbo la kiungo na kazi yake hutegemeana: kiungo kilichokakamaa hakifanyi kazi vizuri, na kisichofanya kazi hukakamaa. Nne, tiba yoyote izingatie hayo matatu.

Ukiyasoma hivyo, mengi unakubaliana nayo, na daktari wa kawaida naye anakubaliana nayo. Jeraha hufunga lenyewe, na mama asiyelala usiku huhisi maumivu zaidi mchana. Tatizo linaanza pale kanuni nzuri inapogeuzwa kuwa ahadi: kwamba kwa sababu mwili ni kitu kimoja, basi ukibonyeza mfupa wa kichwa utaondoa gesi tumboni. Ahadi ya namna hiyo lazima ipimwe peke yake, hata kama kanuni inapendeza masikioni.

Mtaalamu hufanya nini hasa?

Kwa kawaida kikao huanza kwa maswali mengi kuhusu maumivu, kazi, uzazi na usingizi. Kisha mtaalamu hukuangalia ukisimama, ukiinama na kutembea, halafu hupapasa mgongo na viungo. Tiba yenyewe huwa ya aina kadhaa: kukanda misuli, kunyoosha kiungo taratibu, kukuomba usukume mkono wake huku yeye akizuia, ili misuli ilegee, au msukumo mfupi wa haraka ambao mara nyingine hutoa mlio. Mlio huo si mfupa uliorudi mahali pake. Unatokana na gesi iliyomo ndani ya ute wa kiungo.

Kuna aina nyingine inayotumika zaidi kwa watoto: mguso mwepesi sana kwenye kichwa. Ilibuniwa na mwanafunzi wa Still, William Garner Sutherland, aliyeamini kwamba mifupa ya fuvu hucheza kwa mapigo yake yenyewe na kwamba mtaalamu anaweza kuyahisi na kuyarekebisha. Watafiti walipowaweka wataalamu wawili wapime mapigo hayo kwa mtu mmoja, majibu yao hayakulingana. Kama wapimaji wawili hawakubaliani juu ya wanachokihisi, ni vigumu kusema kuna kitu kinachorekebishwa.

Jina moja, kazi mbili

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Marekani, mwenye shahada ya osteopathia ni daktari kamili. Amesomea udaktari, anaandika dawa, anafanya upasuaji, anazalisha. Takriban robo ya wanafunzi wa udaktari nchini humo wanasoma kwenye vyuo vya osteopathia, na wengi wao wakishahitimu hawatumii sana tiba ya mikono.

Nje ya Marekani hali ni tofauti. Uingereza, Ufaransa na Australia, mtaalamu wa osteopathia kwa kawaida si daktari. Amesomea tiba ya mikono kwa miaka kadhaa, haandiki dawa wala hafanyi upasuaji. Uingereza ililinda jina hilo kwa sheria ya mwaka 1993, kwa hiyo asiyesajiliwa hawezi kujiita hivyo. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa viwango vya mafunzo ya fani hii mwaka 2010.

Kwa hiyo mtu akikuambia “mimi ni mtaalamu wa osteopathia”, bado hujajua kama unaongea na daktari. Uliza.

Mtoto analia: tafiti zinasema nini?

Msokoto wa tumbo, ambao kwetu wengi huuita chango, ni hali ya mtoto mwenye afya kulia kwa saa nyingi bila sababu inayoonekana. Kilio cha watoto huongezeka tangu wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hupungua. Kwa watoto wengi huisha wakiwa na miezi 3 hadi 4, umefanya kitu au hujafanya.

Shika sana jambo hilo, maana ndilo ufunguo wa mjadala wote. Mama huenda kutafuta tiba wakati kilio kimefika kileleni, siku ambazo yeye mwenyewe amechoka kabisa. Kuanzia hapo kilio kilikuwa tayari kinaelekea kushuka. Chochote atakachompa mtoto wiki hiyo, iwe dawa ya majani, maji ya shamari au mguso wa kichwani, kitaonekana kimefanya kazi. Mama hasemi uongo anapotoa ushuhuda wake, kwa sababu ni kweli mtoto alitulia. Kinachobaki kuulizwa ni kama asingetulia bila ile tiba.

Ndiyo maana watafiti hugawa watoto makundi mawili na kulinganisha. Mwaka 2012, mapitio ya taasisi ya Cochrane yalikusanya majaribio 6 ya tiba za mikono kwa msokoto wa tumbo, yenye watoto 325. Kwa ujumla tiba ilionekana kupunguza kilio. Lakini katika majaribio mengi wazazi walijua kama mtoto wao ametibiwa, na wao ndio waliokuwa wanaandika saa za kilio. Majaribio ambayo wazazi hawakujua yalipoangaliwa peke yake, tofauti haikuwa ya kutegemewa.

Mwaka 2024 yalichapishwa majibu ya jaribio lingine la watoto 66. Kundi moja lilipata tiba ya kawaida ya mguso mwepesi ya osteopathia, na lingine lilishikwa tu kwa upole bila nia ya kutibu. Kilio kilipungua kwa makundi yote mawili, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao.

Na kunyonya? Huko Ufaransa, wachanga waliokuwa na shida ya kunyonya waligawanywa: wengine wakapata osteopathia, wengine tiba ya kuigiza. Mtoto alipofikisha mwezi 1, waliopata osteopathia hawakuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa wingi kuliko wale wengine. Kama mtoto wako hashiki titi vizuri, msaada wenye nguvu zaidi ni muuguzi au mkunga kukaa nawe, kuangalia anavyoshika chuchu, na kukurekebishia namna ya kumpakata.

Serikali zimefanya nini?

Ufaransa ndiyo nchi ambayo desturi ya kumpeleka kichanga kwa osteopathia imeshika sana, ingawa bima ya afya ya taifa haiilipii. Agizo la serikali la mwaka 2007 linamzuia mtaalamu asiye daktari kushughulikia fuvu, uso au uti wa mgongo wa mtoto wa chini ya miezi 6 mpaka daktari aandike cheti kwamba hakuna hatari. Shingo ya mtu wa umri wowote nayo inahitaji cheti hicho. Tena mtaalamu huyo hakubaliwi kabisa kuingiza vidole ukeni, hata kwa mama aliyetoka kujifungua.

Uingereza ilianzia kwenye matangazo. Tangu mwaka 2016, mwongozo wa matangazo unawaruhusu wataalamu kusema wanahudumia wajawazito na watoto, lakini hawaruhusiwi kudai kwamba wanatibu msokoto wa tumbo bila ushahidi wa kutosha.

Australia ilikumbana na suala hili kupitia fani ya jirani iitwayo kairopraktiki, ambayo pia hutumia msukumo kwenye uti wa mgongo. Baada ya video ya kichanga akifanyiwa tiba hiyo kuzua hasira, baraza la fani hiyo mwaka 2019 lilisimamisha msukumo wa uti wa mgongo kwa watoto wa chini ya miaka 2. Uchunguzi ulioagizwa na jimbo la Victoria haukukuta ushahidi mwingi wa madhara, lakini ushahidi wa faida nao ulikuwa dhaifu sana. Mwishoni mwa 2023 baraza likalegeza msimamo. Katikati ya 2024 mawaziri wa afya wakalitaka liurudishe, na likaurudisha.

Mantiki ya mawaziri hao ndiyo ile ambayo mama huitumia nyumbani. Kama faida haijaonekana, hata hatari ndogo ni kubwa mno kwa mtoto asiyeweza kusema panapomuuma.

Mgongo wa mama

Kwa watu wazima picha ni nzuri kidogo. Mwaka 2021 yalitolewa majibu ya jaribio la Ufaransa la watu 400 wenye maumivu ya mgongo wa chini ya muda mrefu. Waliopata osteopathia walifanya shughuli zao kwa urahisi kidogo kuliko waliopata tiba ya kuigiza, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe huenda asiitambue. Maumivu yenyewe hayakutofautiana.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Mwongozo unataja tiba ya kusukuma uti wa mgongo na kuchua kama huduma zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi na elimu. Kwa hiyo kama mtaalamu aliyesoma anakukanda mgongo na unapata nafuu, ni sawa. Ila usitegemee hilo peke yake: kutembea na mazoezi unaweza kuyafanya kila siku bila kulipa mtu.

Kuwa mwangalifu zaidi na shingo. Msukumo wa haraka wa shingo mara chache sana huhusishwa na kuchanika kwa ukuta wa mshipa wa damu na kiharusi. Una haki ya kusema “shingo yangu usiivunje mlio”, na mtaalamu mzuri ataheshimu.

Kwa nini akina mama wanaipenda

Ukiondoa madai ya mifupa ya fuvu, kinachobaki ni kitu cha thamani. Mtu amekupa dakika 40, amekuuliza umelala saa ngapi, amemshika mtoto wako kwa utulivu, na hakukuambia “mtoto wa kwanza ndivyo walivyo” huku akiita namba inayofuata. Mama aliyesikilizwa hurudi nyumbani ametulia, na mtoto hubebwa na mikono iliyotulia.

Sisi pia tuna mikono yetu. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na bibi au shangazi, mtoto hupakwa mafuta na kuchuliwa miguu. Kumchua mtoto kwa upole ni jambo jema. Ila maji ya kumkanda mama yasiwe ya kuunguza, na aliyepasuliwa asikandwe wala kubanwa kwenye kidonda. Mtoto asivutwe miguu, asiinuliwe kichwa chini, na asibonyezwe utosi. Utosi uliobonyea mara nyingi ni dalili kwamba mtoto amepungukiwa maji. Haupandishwi kwa vidole. Apelekwe kituo cha afya.

Magonjwa ambayo mikono haipaswi kuyagusa kwanza

Katika nchi zetu kuna sababu za maumivu ambazo video za Ulaya hazizitaji. Kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo. Mgongo unaouma kwa wiki nyingi pamoja na homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito au kibyongo kinachojitokeza unahitaji vipimo, na kuusukuma kunaweza kuleta ulemavu. Mtoto mwenye selimundu huumwa mifupa sana. Anahitaji maji, dawa za maumivu na daktari, si kuvutwa viungo.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kama mtoto:
- ana umri chini ya miezi 2 na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili wake ni wa baridi isiyo ya kawaida;
- anakataa kunyonya, amelegea au ni vigumu kumwamsha;
- amepata degedege;
- utosi wake umevimba au umebonyea;
- anatapika kila kitu, au anatapika matapishi ya kijani au yenye damu;
- ana damu kwenye kinyesi;
- anapumua kwa shida, au anahema mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2;
- analia kwa sauti kali usiyoizoea na hatulii kabisa.

Na wewe mama, nenda haraka kama maumivu ya mgongo yanaambatana na miguu kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo au choo.

Ukiamua kwenda, uliza hivi

1. “Umesomea wapi, na umesajiliwa na baraza gani?” Tanzania Bara, watoa tiba mbadala husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Kenya ina Baraza la Fiziotherapia kwa wataalamu wa fani hiyo. Usajili unakuonyesha pa kulalamika ukiumizwa. Hauthibitishi kwamba kila anachotibu kinatibika kwa mikono.
2. “Unafikiri tatizo ni nini, na ni dalili gani ingekufanya unipeleke hospitali?” Asiye na jibu la swali hili, muage.
3. “Utafanya nini hasa, na naweza kukuambia uache?”
4. “Vikao vingapi, na kwa bei gani?” Jihadhari na anayekuuzia vikao kumi kabla ya kukuona mara moja.
5. Kama anakuambia uache dawa, chanjo au kliniki, usirudi.

Ya kufanya nyumbani bila malipo

Mtoto anapolia na hana dalili ya hatari, mpakate ngozi kwa ngozi, mtembeze, mwimbie, mcheulishe baada ya kunyonya. Mlaze chali kila anapolala. Akiwa macho na unamwangalia, mlaze kifudifudi kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku ili shingo ipate nguvu na kisogo kisibonyee upande mmoja. Usimpe asali kabla ya mwaka 1. Ukihisi hasira inapanda, mlaze mahali salama, toka nje upumue, kisha rudi. Usimtikise mtoto kamwe. Kumtikisa kunaweza kumjeruhi ubongo au kumuua.

Kisha omba zamu. Mwambie baba wa mtoto, dada au jirani ambebe saa moja ulale. Kilio cha wiki ya 6 kitapita, na kinachokusaidia kukivuka ni uhakika kwamba mtoto amechunguzwa na hana ugonjwa, na mtu wa kukupokea mtoto.